Safari Ndefu ya Mezani: Ellen White na Ulaji wa Nyama

Fungu la msingi: 1 Wakorintho 10:31

SABATO MCHANA

Wengi wetu tukisikia jina la Ellen White likitajwa pamoja na habari za chakula, tunamwona mama mkali aliyesimama mlangoni mwa jikoni akikataza hiki na kile. Wako waliolitumia jina lake kuwahukumu ndugu zao mbele ya sahani. Wako pia waliochoshwa na hukumu hizo, wakaamua kuliweka kando somo zima la matengenezo ya afya. Makundi yote mawili hayajamfahamu vizuri. Mama huyu alikuwa mlaji mkubwa wa nyama mpaka alipofikisha umri wa miaka 35. Alipopokea nuru alibadilika, lakini tangu siku hiyo ilipita miaka 30 na zaidi kabla nyama haijaondoka kabisa mezani pake.

Juma hili tutaitazama safari hiyo hatua kwa hatua. Tutaona alikotoka, alichoonyeshwa, alivyopambana na tamaa yake mwenyewe, alivyolegea pale mazingira yalipokuwa magumu, na jambo lililomfanya hatimaye akate shauri. Tutaona pia jinsi alivyowatendea wale ambao hawakuwa wamefika mahali alipofika yeye.

Swali linalotukabili ni hili: mtu akishaijua kweli moyoni, afanye nini na umbali uliobaki kati ya anachokijua na anachokiweka sahani mwake? Kila mmoja wetu ana umbali wa namna hiyo. Kwa mwingine ni nyama, kwa mwingine ni chai ya kila saa, soda, chumvi au sukari. Kwa mwingine ni kula usiku wa manane.

Soma Mwanzo 1:29 na Mwanzo 9:3, 4. Linganisha chakula alichopewa mwanadamu mwanzo na ruhusa iliyotolewa baada ya gharika. Ni mambo gani yaliyokuwa yamebadilika duniani?

JUMAPILI
Meza aliyokulia

Ellen Harmon alizaliwa tarehe 26 Novemba 1827 huko Gorham, katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Alizaliwa pacha pamoja na dada yake Elizabeth. Baba yake, Robert Harmon, alikuwa mtengenezaji wa kofia. Ellen alipokuwa na umri wa miaka tisa, akiwa mjini Portland, msichana mwenzake alimrushia jiwe likampiga usoni. Jeraha lile liliharibu afya yake na kukatiza masomo yake. Tangu hapo alikuwa mtu dhaifu, mwenye kuzimia mara kwa mara, na mara kadhaa ndugu zake walidhani kwamba hataishi.

Chakula cha watu wa sehemu ile katika siku zile kilikuwa kizito. Nguruwe aliyetiwa chumvi alikaa katika pipa karibu kila nyumba. Mapishi mengi yalitegemea mafuta yake. Palikuwa na samaki wa chumvi, achari, mikate myeupe na keki zilizojaa mafuta na sukari. Watu wengi waliamini kwamba nyama ndiyo nguvu ya mtu, na kwamba mgonjwa asipopewa nyama atakwisha. Waganga nao walitoa dawa zenye zebaki na afyuni bila woga. Ellen aliamini kama majirani zake walivyoamini. Kwa sababu alikuwa dhaifu na mwenye kuzimia, alikula nyama kwa wingi akidhani kwamba ndiyo inayomshikilia asianguke.

Wakati huo walikuwapo wachache waliokuwa wameanza kufikiri tofauti. Tangu miaka ya 1830 mhubiri Sylvester Graham alikuwa akiwafundisha Wamarekani faida ya unga usiokobolewa na hasara ya nyama. Katika waanzilishi wa kanisa letu, Joseph Bates, yule nahodha wa zamani, aliacha nyama mwaka 1843, miaka 20 kabla ya wenzake. Lakini Bates hakuwasumbua ndugu zake kwa jambo hilo. Alikula alichokichagua, akanyamaza, akaendelea na kazi ya kuhubiri Sabato.

Mwaka 1858 ndugu mmoja, Stephen Haskell, alishikilia kwamba nyama ya nguruwe haifai kuliwa na watu wa Mungu. Alitaka kanisa lote limfuate. Ellen, ambaye kwa wakati huo alikuwa ameolewa na James White kwa miaka 12 na alikuwa akipokea njozi tangu mwaka 1844, alimwandikia kumtuliza. Alimweleza kwamba kama ni wajibu wa kanisa kuacha nyama hiyo, Mungu atalionyesha kanisa kwa ujumla, wala si watu wawili au watatu peke yao. Kwa hiyo Haskell aliliona jambo mapema, na mjumbe wa Bwana alikuwa bado hajaonyeshwa. Miaka michache baadaye yeye mwenyewe ndiye aliyeandika kuikataa nyama hiyo.

Hapa tunajifunza kwamba Mungu huwaongoza watu wake kwa hatua, hata manabii. Tunajifunza pia kwamba mtu anaweza kuwa na hoja iliyo sahihi lakini akaisukuma kwa namna inayoweza kuligawa kanisa kabla ya wakati.

Soma Yohana 16:12 na Mithali 4:18. Mafungu haya yanasema nini juu ya namna Mungu anavyowafundisha watu wake?

JUMATATU
Jioni ya Otsego

Tarehe 21 Mei 1863 Konferensi Kuu ya Waadventista wa Sabato iliundwa rasmi katika mji wa Battle Creek, Michigan. Wiki mbili tu baadaye, mapema mwezi Juni, James na Ellen White walisafiri kwenda Otsego, katika jimbo lilo hilo, kuwatia moyo wahubiri waliokuwa na mikutano hapo. Walifikia nyumbani kwa Aaron Hilliard. Jioni ya Ijumaa, Sabato ilipokuwa ikianza, familia ilikusanyika kwa ibada. Ellen aliombwa aongoze maombi. Wakati akiomba alichukuliwa katika njozi iliyodumu takriban dakika 45.

Hali ya nyumba yao wakati ule iliwafanya wahitaji sana ujumbe ule. James alikuwa amechoka kwa kazi. Mwaka 1860 walikuwa wamemzika mtoto wao mchanga, John Herbert. Wahubiri wengi wa kanisa lile changa walikuwa wakifanya kazi usiku na mchana, wakila vibaya, wakiugua na kufa mapema. Kanisa lilikuwa limepata katiba na viongozi, lakini watu wake walikuwa wagonjwa.

Katika njozi ile Ellen alionyeshwa kwamba kuutunza mwili ni wajibu wa kiroho. Mambo aliyoonyeshwa yalikuwa mengi kuliko nyama: kazi ya kupita kiasi, hewa safi, maji, kupumzika, kiasi katika kula, madawa yenye sumu, tumbaku, vileo, chai na kahawa. Katika mambo hayo ilikuwamo nyama, na chakula cha Edeni kilionyeshwa kuwa ndicho bora kwa mwanadamu. Mwaka uliofuata alichapisha maelezo ya mambo hayo, na mwaka 1865 yakafuata makijitabu juu ya namna ya kuishi.

Mwisho wa mwaka huo wa 1863 msiba uliwapata tena. Mwana wao wa kwanza, Henry, mwenye umri wa miaka 16, alifariki tarehe 8 Desemba kwa homa ya mapafu, akitibiwa kwa njia za kawaida za siku zile. Wiki chache baadaye mdogo wake Willie alishikwa na ugonjwa uleule. Safari hii wazazi walimuuguza wenyewe kwa maji na uangalizi wa karibu, na mtoto akapona. Kwa nyumba ile, habari za afya hazikuwa tena hoja za vitabuni. Zilikuwa zimepita kaburini na kitandani mwa watoto wao.

Ni vema kukumbuka jambo hili tunapofundisha somo la chakula. Lilitolewa kwa watu waliokuwa wakizika watoto na kuuguza wahubiri. Lilikuja kama msaada. Tukilifundisha kwa namna ya kuwatwisha watu mzigo, tumelibadilisha.

Soma 3 Yohana 2 na Kutoka 15:26. Mungu anajionyesha kuwa nani katika mafungu haya? Je, washiriki wa kanisa lako wakisikia neno afya linatajwa mimbarani, wanamwona Mungu huyo?

JUMANNE
Mkate usioshuka kooni

Aliporudi nyumbani Ellen alibadilisha chakula chake mara moja. Baadaye alisimulia waziwazi jinsi ilivyomgharimu. Alikuwa amezoea nyama, na mkate wa kawaida haukumvutia. Alipoketi mezani akaona mkate usio na nyama kando yake, hakuweza kuula. Mwili ulidai kile ulichozoea, na kizunguzungu cha njaa kilimjia.

Alichofanya kinaweza kumsaidia yeyote anayepambana na mazoea. Alijifunga mikono juu ya tumbo lake, akaamua kwamba atangoja hadi awe tayari kula mkate ule. Kama hakuweza mlo huu, aliondoka mezani akangoja mlo unaofuata. Hakujiwekea kitu cha kujiliwaza kati ya milo. Baada ya muda njaa ya kweli ilikuja, na mkate ule aliokuwa akiuchukia ukawa mtamu kinywani mwake. Kuzimia ambako alidhani kunazuiwa na nyama kulipungua, na nguvu zake zikaongezeka. Akaanza pia kula milo miwili kwa siku, akaendelea hivyo kwa miaka mingi.

Katika simulizi hili tunaona kwamba tamaa ya chakula haituambii daima ukweli juu ya mahitaji ya mwili. Alikuwa na hakika kabisa kwamba bila nyama ataanguka. Hakika ile ilikuwa imejengwa na mazoea. Tena tunaona kwamba ladha hufundishika. Ulimi uliokataa mkate ulijifunza kuupenda, lakini baada ya siku kadhaa za taabu. Watu wengi huanza Jumapili na kuacha Jumatano, wakiwa wamebakiza kidogo tu kufika mahali ambapo mambo huwa mepesi.

Mumewe hakupata nafuu upesi. Mwezi Agosti 1865 James alipatwa na kiharusi kwa sababu ya kazi ya kupita kiasi. Walikwenda Dansville, New York, katika kituo cha afya cha daktari James Caleb Jackson, ambako wagonjwa walitibiwa kwa maji, mapumziko na chakula chepesi. Waliona mazuri mengi huko, na mengine hawakuyakubali. Mwezi Septemba 1866 kanisa lilifungua kituo chake cha kwanza cha afya huko Battle Creek. Matengenezo yaliyoanzia katika jikoni moja yakaanza kuwahudumia watu wa nje.

Soma Hesabu 11:4-6 na 31-34. Waisraeli walikuwa na mana kila siku. Kwa nini moyo wao uliikumbuka nyama na samaki wa Misri, wakasahau minyororo ya Misri?

Tafakari: Ni chakula gani ambacho wewe unaamini kwamba huwezi kukikosa? Umewahi kupima imani hiyo kwa juma moja?

JUMATANO
Mlimani na safarini

Kama habari ingeishia jana, tungekuwa na hadithi nzuri ya ushindi wa mara moja. Lakini Ellen White mwenyewe hakuisimulia hivyo, nasi tusiisimulie hivyo.

Baada ya mwaka 1863 nyama haikuwa tena chakula chake cha kawaida, lakini ilirudi mezani pake mara kwa mara. Alikuwa msafiri. Alilala katika nyumba za watu, akala walichompikia. Wakati mwingine alipata mpishi mpya asiyejua kuandaa mlo bila nyama, na kumfundisha kulichukua muda. Wakati mwingine alikuwa mgonjwa na dhaifu. Mwaka 1873 familia ilikuwa katika milima ya Colorado, mbali na maduka, na akiba ikaanza kuisha. Mwindaji mmoja aliwapa kipande kidogo cha paa, kikatiwa katika mchuzi. Mwana wao Willie alipiga bata, naye akaliwa kwa shukrani kwa kuwa chakula kilikuwa kimepungua. Yeye mwenyewe aliyaandika haya katika shajara yake, bila kuyaficha.

Mumewe alifariki tarehe 6 Agosti 1881. Ellen aliendelea na kazi akiwa mjane, akakaa Ulaya kuanzia mwaka 1885 hadi 1887. Katika miaka hiyo yote aliendelea kufundisha kwamba nyama si chakula bora, na mezani pake ilionekana kwa nadra, lakini haikuwa imetoweka.

Tutasema nini juu ya jambo hili? Wako wanaolitumia kumshitaki kuwa alifundisha asichokifanya. Lakini tutazame alichokifundisha hasa. Hakufundisha kamwe kwamba kula nyama iliyo safi ni dhambi yenyewe. Alijua kwamba Mungu aliiruhusu baada ya gharika, kwamba kunguru walimletea Eliya mkate na nyama kando ya kijito cha Kerithi, na kwamba Bwana wetu aliyefufuka alikula samaki mbele ya wanafunzi wake. Alichofundisha ni kwamba kuna chakula kilicho bora zaidi, na kwamba mtu anayeweza kukipata na akajua faida yake, afuate. Penye njaa na pasipo na kitu kingine, alikula kilichopo akamshukuru Mungu.

Hata hivyo tusimtetee kupita kiasi. Si kila kipande cha nyama katika miaka ile kilitokana na njaa ya mlimani. Baadhi kilitokana na mazoea ya jikoni, na baadhi na kulegea. Kanuni ilikuwa sahihi na mtu alikuwa bado njiani. Anayeijua hali hiyo katika maisha yake mwenyewe asikate tamaa. Lakini asijenge kambi ya kudumu hapo, maana Dada White hakufanya hivyo.

Soma 1 Wafalme 17:2-6, Luka 24:41-43 na Wafilipi 3:12-14. Tunawezaje kutofautisha kati ya uhitaji wa kweli na udhuru?

ALHAMISI
Makambi ya Brighton

Mwezi Desemba 1891 Ellen White alifika Australia akiwa na umri wa miaka 64. Sehemu kubwa ya mwaka 1892 aliumwa kwa maumivu makali ya viungo, lakini hakuacha kuandika. Nchi ile ilikuwa ya wafugaji. Nyama ilikuwa nyingi na rahisi, na watu waliila tangu kifungua kinywa. Alishuhudia jinsi wanyama walivyoswagwa safari ndefu kwenda kuchinjwa, wakiwa na kiu na hofu.

Katika siku zile mwanamke mmoja Mkatoliki alipiga magoti miguuni pake. Alimweleza habari ya ubinafsi wa kuutoa uhai wa wanyama kwa ajili tu ya kuridhisha ulimi. Ellen White aliona aibu na uchungu moyoni. Kwa miaka 30 alikuwa ameitazama nyama zaidi kwa upande wa afya ya mlaji. Sasa aliiona pia kwa upande wa mnyama. Mwalimu wa maelfu alifundishwa na mama asiye wa kanisa lake, tena bila kujitetea.

Mwezi Januari 1894 yalifanyika makambi ya kwanza ya Waadventista nchini Australia, mahali paitwapo Brighton, karibu na Melbourne. Hapo ndipo alipokata shauri. Tangu makambi yale nyama iliondoka mezani pake kabisa. Iwe nyumbani au safarini, watu wa nyumba yake walielewa kwamba haitaandaliwa tena. Alifanya hivyo kama ahadi mbele za Mungu, wala hakurudi nyuma katika miaka 21 iliyobaki ya maisha yake.

Baadaye alihamia Cooranbong, katika jimbo la New South Wales, ambako shule ya Avondale ilikuwa ikijengwa. Nyumba yake ya Sunnyside ilikuwa na watu wengi. Mara nyingi walioketi mezani walifika 16, na wengine kati yao walikuwa wanaume wa kazi ngumu, waliolima kwa plau na kuangusha miti. Walikula nafaka, mboga, maharagwe, matunda na maziwa, na kazi iliendelea. Alipanda miti ya matunda ili nyumba yake ipate chakula na majirani wajifunze. Mwaka 1893 mabenki mengi ya Australia yalikuwa yameanguka na watu wengi walikosa kazi, kwa hiyo meza yake iliwalisha pia wahitaji. Chakula rahisi kilimwezesha kuwa na cha kugawa.

Tuone basi sababu zilizokutana katika uamuzi wake: afya ya mwili, huruma kwa viumbe, mfano kwa waumini wapya, na kuwajali maskini. Mtu anayeacha nyama kwa kutaka kuonekana mtakatifu kuliko wenzake hana hata moja kati ya hizo.

Soma Mithali 12:10 na Warumi 8:19-22. Je, namna tunavyowafunga kuku, tunavyowasafirisha mbuzi na ng'ombe kwenda mnadani, na tunavyowachinja, inalingana na mafungu haya? Hata anayeendelea kula nyama anawajibika nini hapa?

IJUMAA
Kujifunza zaidi

Ellen White alirudi Marekani mwaka 1900, akakaa Elmshaven, karibu na St. Helena, California. Mambo mawili ya miaka ile yanatusaidia kuyaweka mafundisho yake mahali pake.

La kwanza ni la mwaka 1901. Daktari Daniel Kress, kiongozi wa kazi yetu ya afya huko Australia, alikuwa amejinyima vyakula kupita kiasi, hata damu yake ikapungua na akawa karibu kufa. Dada White hakumsifu kwa kujinyima. Alimwandikia akimtaka ale chakula cha kumjenga, akamshauri anywe mayai yaliyochanganywa na maji ya zabibu. Daktari alitii, akapona, akaishi miaka mingi baadaye. Leo tunajua kwamba vitamini B12, inayohitajika kutengeneza damu, haipatikani katika mimea ya kawaida. Anayeacha nyama ahakikishe anapata maziwa au mayai, au dawa yenye vitamini hiyo. Kuacha kitu bila kuweka kingine mahali pake si matengenezo.

La pili ni la mwaka 1909. Akiwa na umri wa miaka 81, alihudhuria Konferensi Kuu kwa mara ya mwisho. Aliwasihi watu warudie uaminifu katika matengenezo ya afya. Katika ombi hilohilo alieleza kwamba ulaji wa nyama usifanywe kipimo cha ushirika wa kanisa. Alisisitiza pia kwamba hali za nchi hazilingani, na maskini asiyeweza kupata matunda na mboga za kutosha asitwishwe mzigo. Alisema hivyo akiwa ameshaishi miaka 15 bila nyama. Ushindi wake haukumfanya awe mwepesi wa kuhukumu.

Wakati huo injili ya malaika watatu ilikuwa imeshafika kwetu. Wamishonari walifika Giti, Upare, mwaka 1903, na Gendia, Kenya, mwaka 1906, yeye akiwa bado hai. Kitabu chake kikubwa juu ya huduma ya uponyaji kilitoka mwaka 1905, katikati ya miaka hiyo. Alifariki Elmshaven tarehe 16 Julai 1915 akiwa na umri wa miaka 87. Msichana ambaye watu walidhani hatafikia utu uzima aliwazika wengi wa rika lake.

Sayansi ya siku zetu imeendelea kuangalia jambo hili. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani walio chini ya Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba nyama zilizosindikwa, kama soseji na bekoni, husababisha saratani ya utumbo mpana. Vyakula hivyo sasa vinauzwa hata katika vibanda vya mitaani mwetu. Wakati huohuo kunde, choroko, maharagwe, njugu, karanga, mchicha, kisamvu na ugali wa dona, vyakula ambavyo bibi zetu walivijua, vinadharauliwa kuwa chakula cha umaskini. Kwa hiyo matengenezo kwetu hayadai vyakula vya gharama kutoka mbali. Mara nyingi yanadai kukiheshimu tena kilichoko shambani.

Linabaki jambo la ugeni na sherehe. Kwetu mgeni hupewa heshima kwa kuchinjiwa, na harusi isiyo na nyama husemwa mitaani. Mshiriki anayechagua kutokula nyama ajifunze kukataa kwa upole, akipokea vingine kwa furaha na kumshukuru mwenyeji. Na sisi tunaoandaa makambi, harusi na milo ya ushirika tujiulize kama meza zetu zinamsaidia anayetaka kupiga hatua au zinamrudisha nyuma. Pika maharagwe yale kwa ustadi uleule unaoutumia kwa pilau la nyama. Wengi hawajakataa chakula bora. Walichokataa ni chakula kilichopikwa vibaya.

Mfano wa Dada White unatuachia kazi inayoanza na mlo unaofuata. Chukua hatua moja unayoweza kuishika. Ikikushinda siku moja mlimani au safarini, amka uendelee. Na yule aliye nyuma yako mshike mkono, maana Bwana alitungoja sisi pia.

Maswali ya Kujadili

1. Soma Warumi 14:1-4. Katika darasa lenu wapo wanaokula nyama na wasiokula. Kila upande unaweza kuukosea upande mwingine kwa namna gani? Jadilini kwa upendo, bila kutajana majina.

2. Stephen Haskell aliwahi kuwa sahihi mapema juu ya nyama ya nguruwe. Mtu aliyeona kweli mapema kuliko kanisa afanye nini? Linganisheni njia yake na ile ya Joseph Bates.

3. Dada White alikubali kufundishwa na mwanamke wa imani nyingine. Je, kuna mambo ya afya au ya huruma kwa wanyama ambayo majirani zetu wasio Waadventista wanayafanya vizuri kuliko sisi?

4. Someni Danieli 1:8-16. Danieli aliomba ajaribiwe kwa siku kumi. Kama darasa, pangeni jaribio la siku kumi linalowezekana kwa hali ya maisha ya eneo lenu. Amueni nani atafundisha mapishi, kisha leteni taarifa baada ya Sabato mbili.

5. Kanisa lenu linaweza kumsaidiaje mshiriki maskini, ambaye dagaa au yai ndiyo lishe pekee ya kujenga mwili anayoipata, ili asijione mwenye hatia kwa sababu ya somo hili?